Shilingi Tano za Kulitazama Jina Langu Mwenyewe

Kambi ya Barabara,
Babati, Mkoa wa Arusha.
Juni, 1984.

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Duka la Ushirika.

Yahusu: Ada ya mwanachama kuutazama ukurasa wake katika daftari la mikopo

Shikamoo. Mimi ni Filbert Ntakije, mponda kokoto, mzaliwa wa Kasulu na mwanachama wa duka letu. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo mahali nitakapopungukiwa na adabu naomba ihesabiwe kuwa ni yale madarasa ambayo sikuyafikia. Nakuandikia mikono ikiwa imechoka, lakini kichwa ni kizima.

Nimesoma tangazo mlilobandika mlangoni, kwamba sasa mwanachama akitaka kuona ukurasa wake atalipa shilingi tano. Nimelifikiria nikiwa kazini, maana nyundo haimzuii mtu kufikiri. Nimeona halifai. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili yasisukumane kama watu kwenye foleni ya sabuni.

1. Jina lililoandikwa juu ya ukurasa ule ni langu. Nilipewa na bibi yangu, na hakutoza kitu. Tena anayejua deni kuliko wote ni mdaiwa mwenyewe, kwa kuwa ndiye linayemkosesha usingizi. Kumwuzia mdaiwa habari za deni lake ni kumwuzia mchungaji habari kwamba ana mbuzi.

Hata hivyo nililipa, ili nisije nikalaumu kitu ambacho sijakionja. Fabiani, mwuzaji wetu, alizificha kurasa za wenzangu kwa gazeti la zamani na palipobaki wazi kwa kiganja chake, nikabakiwa na kipande cha kuchungulia. Kilisema: Ntakije, blanketi moja, hajamaliza kulipa. Nikarudi kambini. Kwa shilingi zile tano ningekunywa chai, ingawa ya bila sukari, na ningetoka pale nikiwa na kitu tumboni.

2. Blanketi lenyewe halipo. Kamati inajua utaratibu wetu: bidhaa zikitarajiwa, anayetaka kwa mkopo anaandikisha jina, na deni linaingizwa siku hiyo hiyo, ili hesabu zisichelewe. Bidhaa ndizo huchelewa. Blanketi langu liko Arusha, linangoja lori, na lori linangoja matairi. Mimi huku baridi ya Babati naipokea na magunia mawili, moja chini na moja juu.

Katika mshahara wangu mmekwisha anza kukata. Sikatai, niliweka sahihi. Ila kwa hesabu yangu nimekwisha nunua upande mmoja wa blanketi hilo, na kama kuna namna ya kuniletea huo upande mapema, ningefunika miguu.

Nilimwomba Fabiani aandike pembeni kwamba mali bado haijafika. Akaniambia marekebisho huombwa na mtu aliyeuona ukurasa. Nikamwambia nimeuona. Akasema niliuona jana, na ada ni ya kila mara.

3. Sasa nafika mahali panapouma. Nimeposa, Ndugu Mwenyekiti. Binti anaitwa Natalia, wa kule Sigino, na baba yake ni Mzee Paskali, mkulima na mwanachama mwenzetu. Nilimtuma mwenzangu Teodori, ambaye ni mtu wa huku na anajua kusema na wazee, akapokewa vizuri, akapewa na maziwa. Mzee akasema atafikiri.

Akaja dukani kununua chumvi. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuja, sina shangazi huku wala shamba la kutazamwa, alimwuliza Fabiani mimi ni mtu wa namna gani. Fabiani akafungua daftari, akamsomea ukurasa wangu kwa sauti mbele ya foleni nzima. Bure! Mimi mwenye jina nilitozwa shilingi tano kuchungulia chini ya gazeti. Mzee alisomewa bila kutoa hata senti, na watu wa vijiji vya Singe na Mutuka waliofuata chumvi wakaenda na mimi majumbani mwao kama nyongeza.

Nilimkuta Mzee mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayaponda pamoja na kokoto:

"Kijana, unadaiwa blanketi, na Teodori anasema unalalia magunia. Blanketi umelipeleka wapi?"

Nilijaribu kumweleza habari za lori. Mzee amelima maisha yake yote. Kwake mtu akidaiwa kitu ni kwamba alikichukua, na asipokuwa nacho amekiuza, na anayeuza blanketi mwezi wa sita anakunywa. Akanipa mpaka Jumapili baada ya misa nilisafishe jina langu. Natalia naye alinitumia ujumbe kwa Teodori, mfupi kama kawaida yake: nisiwe natetemeka mbele ya baba, labda iwe ni kwa sababu ya baridi.

4. Tena, Ndugu Mwenyekiti, angalia daftari lenu linamsifu nani. Tunaye kambini ndugu mmoja anaitwa Wolfgang. Ukurasa wake ni mweupe kama unga wa daraja la kwanza. Fabiani huwaambia watu kwamba yule ni safi, hana deni. Ni kweli hana, maana hakuna aliyewahi kuthubutu kumkopesha hata kiberiti. Madeni yake yote yako kwetu. Koti langu analo, sufuria ya mwenzetu Shaaban anayo, na nyapara alimwazima baiskeli ikarudi bila kiti. Juzi naye amemtuma mshenga kwa Mzee Paskali, kwa nguvu ya huo ukurasa mtupu. Mimi niliyeaminiwa naonekana mwizi, na yeye asiyeaminiwa na mtu anaonekana mkwe.

Kwa hayo naomba kamati itende yafuatayo.

Kwanza, ada ya kuona ukurasa wangu nisitozwe mimi, atozwe anayekuja kuniulizia, na nusu nipewe. Ukurasa ule nimeutolea jasho. Bila sisi wadaiwa Fabiani angekuwa na kitu gani cha kusoma?

Pili, kwa kuwa duka limechukua fedha yangu na halijanipa mali, duka nalo ni mdaiwa. Niruhusiwe nami kufungua daftari langu: Duka la Ushirika, blanketi moja, halijatoa. Nitalitunza kambini chini ya gunia la juu. Kamati ikitaka kujua jina lake limeandikwaje, ije na shilingi tano, nami nitafunika sehemu nyingine kwa kiganja.

Tatu, Wolfgang akopeshwe kitu kwa lazima kabla ya Jumapili, ili tuwe sawa. Hata jembe. Asipewe lenyewe, aandikwe tu, kama mimi.

Na nne, ambalo ndilo kubwa, ipigwe marufuku kabisa mtu kusomewa ukurasa wa mwingine. Jina la mtu si chumvi, kwamba kila anayefika kaunta apimiwe. Kama kamati itakataa haya yote, basi ilete blanketi.

Naomba unisalimie wajumbe wote wa kamati, mama wa nyumbani kwako, na dereva wa lori popote alipokwama. Fabiani pia msalimie. Simchukii, nachukia sauti yake tu.

Wako katika kuponda kokoto za Taifa,
Filbert Ntakije.

Nyongeza: Barua hii nimeileta mwenyewe dukani. Nilikuta foleni imekwisha, Fabiani yuko peke yake anafuta mizani. Kwa kuwa marufuku niliyoiomba bado haijapitishwa, nikaona si vibaya kuuliza ukurasa wa Mzee Paskali unasemaje. Alinisomea bila hata kuinua macho.

"Huyo naye anadaiwa. Blanketi kubwa, la watu wawili. Siku ile ya chumvi alirudi jioni akaandikisha, akasema binti yake anaolewa na mtu asiye na blanketi."

Ndugu Mwenyekiti, naomba malalamiko yangu yasipelekwe kikaoni. Kanuni iliyopo ni nzuri, mtu aendelee kusomewa ukurasa wa mwenzake. Fabiani hakunidai kitu, lakini nimemwachia shilingi tano juu ya kaunta, na tangu nifike Babati sijawahi kununua kitu cha bei rahisi kama hicho. Mzee asiambiwe kwamba niliuliza. Nataka Jumapili anipe jibu mwenyewe, nami nishangae.

Na lori likija na blanketi moja tu, mpeni yeye.