Wadi Ikishuka, Kimbieni

Jumamosi, 2 Machi 2002
Nimepata kazi! Yaani bado, lakini ni kama nimepata. Bi Rahila wa kikundi cha uokozi anatafuta mtu wa kuwafunza watoto wa milimani, nyuma ya kijiji cha Qantab, namna ya kujinusuru mvua ikinyesha na wadi, bonde kavu la mto, ikashuka na maji na mawe. Nimemwambia nna uzoefu. Kuogelea sijui, ila hakuniuliza. Mpinzani ni Fahd, jirani yetu hapa Matrah, skauti mwenye cheti na maringo. Tutajaribiwa sote.

Jumatatu, 4 Machi
Zamu yangu. Nimewaeleza watoto: mukisikia “Wadi!”, kimbieni. Nikapiga sufuria, nikapiga ukelele. Wakakimbia kweli, mashallah. Wote. Kuteremka bondeni! Kwani wadi ikija si ndiyo kila mtu huenda kuitazama, na birika la kahawa mkononi? Hata mimi mguu ulishaanza kwenda. Bi Rahila akataka kujua mbona nawapeleka watoto wa watu mautini. Nikamjibu ule ulikuwa mtihani. Fahd kacheka mpaka kakaa chini.

Jumatano, 6 Machi
Nimeomba, nimebembeleza, nimepewa nafasi ya mwisho. Kesho. Mawingu yametanda mlimani. Mola, isinyeshe. Au inyeshe zamu ya Fahd.

Alhamisi, 7 Machi
Imenyesha. Watoto nimewapandisha jabalini mmoja mmoja, wametimia. Bi Rahila mwenyewe kaona. Kazi yangu hiyo! Kisha nikasikia mngurumo. Wallahi, nani aliyeumbwa asitazame? Nikateremka kidogo tu. Kidogo maji yakafika magotini, kisha kiunoni, kisha nimekumbatia mkunazi katikati ya maji.

Juu huko kitoto Khawla kanililia: “Mwalimu, panda! Si ulisema juu?”

Fahd karusha kamba. “Shika, bingwa. Na macho fumba, usije ukatazama tena.”

Bi Rahila akaanza kuwahesabu watoto upya. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Machi
Kazi kapewa Fahd. Dhulma tupu! Watoto wote wazima, nani aliyewapandisha? Bi Rahila kasema somo langu hawatalisahau. Sasa wanacheza mchezo wa kukumbatia mkunazi, na Fahd atanitaja kila kijiji. Umaarufu huo, wivu utamuua.

Redio imesema mvua tena alasiri. Nimeshamwomba Mjomba Marhoon gari yake. Kosa la jana ni kwenda kuitazama wadi kwa miguu.