Tata Fwetari Anaomba Kuachishwa Kazi

Kambi ya wafanyakazi, Kolwezi
Desemba 1953

Kwa Tata Padri, mhariri wa gazeti letu la kambi,

Nakusalimu kwa heshima. Shule niliiacha mapema nikatoka Kasai kuja kushika koleo, kwa hiyo nikikosea herufi unisamehe, lakini nikikosea hoja unijibu. Mimi ndiye niliyetembea nyuma ya Mtakatifu Nikola siku ya sikukuu yake. Yeye, yaani yule karani mzungu aliyevalishwa ndevu za pamba, aligawa biskuti. Mimi nilibeba gunia mgongoni, nikilipiga kwa fimbo ili watoto wakaidi waogope. Wabelgiji humwita mtu huyo Père Fouettard, yaani Baba Mchapaji. Kambi nzima sasa inaniita Tata Fwetari. Malalamiko yangu ni haya.

1. Walinipaka masizi usoni. Niliuliza kwa adabu ni kwa nini. Wakasema desturi ya kwao inataka mtu wa fimbo awe mweusi. Nikawaambia kazi hiyo mama yangu alikwisha kuimaliza. Wakanipaka hivyo hivyo. Hadi leo masikio yangu yanachafua mto, na mke wangu Mianda anauliza kama nililala shimoni.

2. Wewe mwenyewe, Tata Padri, ulihubiri asili ya sikukuu: kwamba zamani mchinjaji mmoja aliwakata watoto watatu akawatia katika pipa la chumvi, mtakatifu akawafufua, na mchinjaji akawa mtu wa fimbo. Hadithi nzuri. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya posho, na posho ilikuwa makayabu, yule samaki wa chumvi, kutoka katika pipa. Binti yangu Tshiela alilitazama pipa, kisha akanitazama mimi niliyelibeba. Tangu hapo hagusi makayabu, na nikiingia ndani yeye anatoka. Mianda humwambia, “Ni tata yako.” Anajibu, “Najua. Ni ule ule wa pipa.” Hapa sina mama wala shangazi wa kunitetea. Mtoto huyu na mama yake ndio ukoo wangu wote.

3. Mlisema viatu viwekwe mlangoni, mtakatifu avijaze peremende. Kwetu mwenye viatu ni mimi, tena vya kazi. Niliviweka, mvua ikavijaza. Nilikwenda machimboni na chura mguu wa kushoto. Kapita wetu, yaani nyapara, Stanislas, akasema mtakatifu humpa kila mtu kadiri ya dhambi zake.

4. Kwa hiyo naomba kuacha kazi hii ya fimbo, na mwakani tubadilishane: mimi nivae ndevu za pamba, na fimbo apewe mzungu msimamizi wa shimo letu. Hatahitaji mazoezi. Kama haiwezekani, basi mtakatifu aitwe ghalani, awafufue makayabu wote mbele ya Tshiela, waogelee, ili aone kwamba hawakuwa watoto.

Wasalimie masista, mwalimu wa kwaya, wagonjwa wote, na punda wa misheni, ambaye siku ile alikula karoti bila kupakwa kitu.

Ni mimi, mchinjaji wako mtiifu,
Badibanga Ngeleka

Nyongeza: Tshiela amenikuta nikiandika, akataka kujua ni nini. Nikamsomea. Akasogea mpaka gotini kwangu, mara ya kwanza tangu sikukuu. “Tata, usiache,” alisema. “Ukiacha, batatafuta Fwetari mwingine, na ule mi simujue. Weye unapigaka gunia tu.” Basi barua hii usiichape, naituma kwa sababu ya salamu tu. Mwakani nitakuja mapema.