Mpira Ulioanguka Kijitini

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amenishauri niweke mambo yangu sawa. Hana adabu! Ila lipo jambo. Miaka thelathini na moja iliyopita, fainali ya gofu ya klabu, shimo la mwisho. Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, akijipanga kupiga, fimbo yake ikaugusa mpira. Ukaanguka kutoka kwenye kijiti kinachoushikilia kabla ya kupigwa. Nikapaza sauti: hilo ni pigo! Akahesabiwa. Nikamshinda kwa pigo hilo hilo. Kombe liko juu ya kabati, linanikodolea macho.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwagiza binti yangu kitabu cha kanuni, nife na ushahidi. Laana! Asiyekusudia kupiga hajapiga. Mpira ukianguka kijitini kabla ya pigo, unarudishwa tu, bila adhabu. Kumbe mwizi ni mimi! Nimemfokea binti kwa kuleta kitabu. Akasema nilikiagiza mwenyewe. Mdomo kama wa mama yake.

Jumatano, 5 Machi
Mpango: barua ya kuungama, Shemeji aisome nikishazikwa. Sitamwona akinicheka. Nimeandika vizuri mno, hata nikalia. Binti kaipeleka leo leo! Eti alikuwa anapita huko huko.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kaja na mkongojo. Nilitarajia machozi. Kacheka hadi meno ya bandia yakacheza. Kanuni aliijua siku ile ile! Alinyamaza kwa kuwa dada yake alimnong'oneza: "Mwachie, kaka. Atakayelala na hasira zake ni mimi, si wewe." Nimeshinda kwa kuhurumiwa! Miaka yote hiyo nafuta vumbi sadaka! Nikamrushia kombe. Likamkosa. Akaliokota, akanishukuru kwa kumrudishia mali yake. Nikamwambia aliweke chini, tucheze upya.

Ijumaa, 7 Machi
Tumecheza sebuleni. Mikongojo badala ya fimbo, vifuniko vya chupa badala ya vijiti, bilauri imelazwa mlangoni ndiyo shimo. Nikijipanga, mkongojo wangu ukaugusa mpira, ukaanguka. Nikamsomea kanuni neno kwa neno. Akakubali, nikaurudisha.

Kisha wake ukaanguka. Nikamhesabia moja. Binti akauliza, na ile kanuni? Nikamjibu kwa ukali kwamba kitabu kinasema kijiti, hakisemi kifuniko.

Nimeshinda kwa pigo moja. Kombe limerudi kabatini. Daktari ana akili, tusimwonee: mambo yangu sasa yako sawa.