Msalaba Mwekundu kwenye Ukuta wa Maman Nsimire

Kosa langu la kwanza leo lilikuwa kununua rangi nyekundu. La pili lilikuwa kuipaka vizuri mno.

Marafiki, nimeumbuka. Avenyu nzima imeniona, pamoja na watu wa avenyu ya juu ambao hawakuwa hata na shughuli huku kwetu.

Nianze na mti. Kwenye kiwanja chetu kuna mkaratusi mrefu ulioinama. Tangu mvua zianze, udongo wa mteremko unamomonyoka chini ya mizizi yake. Na huko chini, pale mti unapoelekeza kichwa, ndipo ilipo nyumba ya Maman Nsimire. Ni mjane, ni mshonaji, na nusu ya watu wa hapa wamevaa nguo zilizopita kwenye cherehani yake.

Papa yuko Uvira kikazi. Akanipigia simu: "Kata ule muti, isiue mutu. Lakini fuata sheria!"

Eti mimi niambiwe nifuate sheria. Mimi ninayepanga viatu kwa ukubwa! Kila kitu nimejifunza mwenyewe kwenye simu: kunyoa, kuunganisha umeme, kutengeneza pasi (pasi ya mama yangu haijapona hadi leo). Basi nikaulizia. Kumbe huwezi kukata mti ovyo, hata ukiwa kwako. Shefu wa avenyu, kiongozi wetu wa mtaa, lazima aje auone. Mtu wa mazingira wa komini, yaani ofisi ya manispaa, atoe ruhusa. Majirani ambao mti unaweza kuwafikia waambiwe. Na matawi hayatupwi mferejini, maana mvua ikinyesha mfereji unaziba, na matope yanaingia hadi vitandani kwa watu wa chini.

Nilifuata yote. Karibu yote. Shefu alipokuja kuuona mti aliniuliza: "Na Maman Nsimire, ulimuambia?"

Nikasema ndiyo. (Nilikuwa bado natafuta sentensi ya kuanzia. Unamwambiaje mama wa watu kwamba mti wenu unaangalia kitanda chake? Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Kila mara nilikwama kwenye salamu.)

Siku ya kukata ikapangwa iwe leo, Jumamosi, baada ya salongo, watu wakishamaliza kusafisha mifereji. Jana nikaangalia video ya mwisho. Bwana mmoja mwenye kofia ngumu anafundisha: tia alama kwenye mti unaokatwa, tia alama pia mahali ambapo mti usiangukie kabisa. Nikapenda sana.

Alfajiri nikapaka msalaba mwekundu kwenye mti. Halafu nikateremka polepole nikapaka mwingine kwenye ukuta wa Maman Nsimire, ili Tonton Déo, mwenye msumeno, aelewe: huku hapana. Nilitumia rula. Mikono yote ya msalaba ilikuwa sawa. Nikaongeza na namba, 1 kwenye mti, 2 kwenye ukuta. Nikarudi nyuma, nikatazama. Ulipendeza! Nikaenda kulala kidogo, nimeridhika.

Ninyi wa Bukavu mmeshaelewa. Kwa wengine nieleze: hapa kwetu, msalaba mwekundu ukutani una maana moja tu. Leta, yaani serikali, inakuja kubomoa. Na mimi nimezaliwa hapa! Nimekua nikipita mbele ya misalaba hiyo! Lakini nikishika rula sina akili nyingine.

Niliamshwa na kelele. Maman Nsimire alikuwa nje, kitenge kimefungwa kombo, mikono kichwani.

"Banakuya kunibomolea! Nilikosa nini? Nitalala wapi miye?"

Watu wa salongo walikuwa wameshamzunguka, majembe mabegani. Jirani mmoja akausogelea ukuta, akaugusa mstari kwa kidole.

"Komini haiwezi nyoosha hivi," akasema. "Iyi imetoka Kinshasa."

"Na iko na namero!" akadakia mwingine. "Maman ni wa pili. Wa tatu ni nani?"

Kila mtu akageuka kuangalia nyumba yake. Halafu magodoro yakaanza kutoka.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni: "Maman, nikusaidie kubeba?"

Nikabeba. Godoro, masufuria, kabati lenye mlango mmoja. Maman akawa ananibariki mbele za watu: "Muone huyu mutoto! Ndiye peke yake iko na roho." (Nilitamani mteremko wote uporomoke, unichukue mimi tu.)

Ndipo akatokea bwana mmoja mwenye jile ya njano, kile kizibao cha watu wa kazi, na begi kwapani. Hatukumjua. Alishuka kwenye pikipiki, akautazama msalaba kama baba anayetazama mtoto wake.

"Maman, iyi musalaba iko yetu," akasema.

Nikakodoa macho. Yake?

"Mulikuja saa ngapi?" Maman akauliza.

"Hatukuyake. Tunapima na satelite." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Dosie yako iko mubaya. Lakini mutu akielewa, tunaweza kuifuta."

"Sina kitu, papa."

Macho ya yule bwana yakazunguka kwenye vyombo, yakatua juu ya kichwa changu. Juu ya kichwa changu kulikuwa na cherehani.

"Tuchukue ile masini kwanza, kama garanti. We mutoto, peleka ku pikipiki."

Na mimi nikaanza kutembea! Miguu ilitii yenyewe. Nyuma yangu nikamsikia Maman Nsimire, hakulia kwa sauti, alisema tu polepole: "Sasa nitakula na nini?"

Nikasimama.

"Musalaba iko yangu," nikasema.

"Nini?"

"Ni mimi niliipaka. Ni sababu ya muti."

Mnadhani walishangilia? Walinikasirikia.

"Wewe? Wewe unaweza chora iyi? Acha kuiba kazi ya Leta!"

Bwana wa jile akacheka kuliko wote. Bahati nzuri shefu wa avenyu akafika, jembe mkononi, matope hadi magotini. Nikamweleza huku cherehani ikiwa bado kichwani. Kisha akaomba aletewe kartoni, ikaletwa, na mimi nikatua cherehani, nikatumwa nyumbani kuchukua rangi.

"Chora ingine," akasema. "Tuone."

Avenyu nzima ikasogea. Nikapiga magoti. Ningeweza kuchora haraka haraka, mambo yaishe. Lakini nikatoa rula. Nikapima. Nikapima tena, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umezidi kidogo. Mtu mmoja akaanza kucheka, na nilipoandika namba 3 bila kuombwa, waliangua kicheko mpaka majembe yakaanguka.

Tulipoinua macho, pikipiki haikuwepo. Ilikwenda na satelite yake.

Maman Nsimire hakucheka. Alinifuata pale pale chini.

"Siku zote unapita hapa. 'Jambo maman, jambo maman.' Mudomo ulishindwa kusema 'muti'?"

"Niliogopa kukusemea mubaya."

"Na iyi ndiyo muzuri?"

Shefu akatoa hukumu: nirudishe vyombo vyake vyote ndani, nifute ukuta, na mti ukishaanguka nibebe takataka zake mwenyewe hadi barabara ya juu, lori la taka linapopita. "Na ata jani moja isiingie mu kanivo, mu mufereji!"

Tonton Déo aliufunga mti kamba na kuuangusha upande wa juu, salama. Matawi hayakunipa kazi, akina mama waliyabeba yote kwa ajili ya kupikia kabla sijamaliza kuyapanga kwa unene. Majani na magome ndiyo yalikuwa yangu. Nimepanda ule mteremko na toroli mchana kutwa, na kila mlango niliopita kulikuwa na mtu wa kuniuliza: "Kinshasa, nyumba yangu utabomoa lini?"

Jioni, kabla ya kukata hata ua moja la kwetu lililoinamia upande wake, nimekwenda kwa Maman Nsimire, nimegonga mlango na kumwambia kwa mdomo, bila mazoezi. Nimekosea maneno mawili. Amesema sawa.