Kuhusu Kunyimwa Wembe na Kutwishwa Hema

Kwa:
Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama,
Klabu ya Warukaji,
Uwanja Mdogo wa Ndege.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni mke wangu,

Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa kwenye meza yetu ya jikoni, hatua nne kutoka hapo ulipoketi ukimenya viazi. Ningeweza kukusemesha. Nilijaribu jana, ukaniambia, "Baba Mapacha, mambo ya klabu yana ofisi yake. Andika barua, ipitie kwa karani, nitaijibu." Basi naandika. Nikikuomba chumvi baadaye kidogo, usidhani nimelegeza msimamo.

Dai langu ni moja. Jumamosi hii utaongoza warukaji watano kutoka ndegeni, wenye suti za mabawa, na nafasi ya kushoto kwako, bawa kwa bawa, ilikuwa yangu. Tumeoana miaka ishirini na sita. Tumelea mapacha, tumejenga nyumba, tumeugua mafua yale yale kwa zamu, lakini hatujawahi kuruka ubavu kwa ubavu. Sasa Kamati yako inasema niruke na mwavuli mkubwa wa klabu, parachuti ambalo kila mtu analiita Hema, au nibaki chini. Mwavuli wangu mwenyewe, mdogo, mwekundu, wenye kasi, ambao nimeuita Wembe, umepigwa marufuku. Nimepewa hadi Ijumaa saa kumi jioni. Nikikataa, nafasi yangu anapewa mwanachama mwenzetu, Daktari wa Mifugo.

Mimi si mtu wa kulalamika. Barua zangu kwa magazeti, ambazo sasa zimefika mia moja na arobaini, zote zilikuwa za ufafanuzi tu. Ufafanuzi wa leo ni huu:

1. Mizani. Mnapima watu hadharani. Mtu anapandishwa akiwa na suti, kofia ngumu, mkoba wa mwavuli mgongoni na viatu, na uzito huo wote ndio unaoamua ukubwa wa mwavuli wake. Anayesoma mizani ni fundi wa miavuli, ambaye ni mdogo wako na shemeji yangu, na anasoma kwa sauti ya mnadani. "Kilo mia moja na nne! Wenye magari, sogezeni!" Nilimwomba anipime kwa haki, mtu kando na vitu kando. Nikavua kofia. Nikavua viatu. Nikatoa pumzi zote. Akasema, "Shemeji, toa na mawazo, huenda ndiyo mazito." Kisha akaandika 104 ubaoni kwa chaki ya manjano, rangi ambayo hakumwandikia mtu mwingine yeyote.

2. Hema lenyewe. Lina futi za mraba mia mbili na ishirini na vyumba saba vya hewa. Nyumba yetu, Mheshimiwa, ina vyumba vitano. Hufunguka taratibu kama mtu anayefungua zawadi asiyetaka kuchana karatasi, kisha hushuka kwa upole unaotia aibu. Mama yako alikuja kunitazama siku moja. Nilipofika ardhini akaniambia, "Mkwe wangu, nashukuru umetua salama, ila mimi nilidhani ni shuka limepeperuka kutoka kambani." Mtu wa umri wangu, mwenye misimamo yangu, hapaswi kushuka kutoka mbinguni kama nguo za kufuliwa.

3. Hiyo mnayoiita sababu ya kitaalamu. Nilimpelekea shemeji Wembe anifungie mkobani. Akaushika kwa vidole viwili kama soksi iliyookotwa njiani. "Shemeji, hiki kitakubeba au kitakupangusa jasho?" Kisha akanihutubia. Eti mwenye suti ya mabawa huacha hewa iliyovurugika nyuma ya mgongo wake, na mwavuli hufungukia humo humo. Eti mkubwa na mpole hustahimili vurugu hiyo, lakini mdogo wenye haraka hujipinda, kamba zake husokotana, na mrukaji huanza kuzunguka kama pia huku mikono yake bado imefungwa zipu ndani ya mabawa. "Hapo, shemeji, hutaandika barua," akamalizia.

Nimesoma vitabu kumi na viwili kuhusu hewa. Hakuna hata kimoja kilichonisemesha kwa namna hiyo, na vyote vina majalada magumu. Tena hewa iliyovurugika si ngeni kwangu. Nimeishi ndani yake tangu nilipoanza kutoa maoni.

4. Kona. Kanuni zinanitaka nishuke kwanza upepo ukiwa mgongoni, nikate kona, niambae, nikate kona nyingine, ndipo niukabili upepo na kutua. Kona mbili, Mheshimiwa, kwenda mahali ninapopaona kwa macho! Wembe huenda moja kwa moja. Mimi huenda moja kwa moja. Ndiyo maana watu wengi hutualika mara moja tu. Isitoshe, wenye Hema tunatengewa lile shamba la mbali, pana na tambarare, lisilo na mti wala waya. Kutoka huko natembea dakika ishirini nikiwa na lundo la kitambaa kichwani, na kila ninayekutana naye barabarani ananiuliza sherehe ni ya nani.

5. Upepo. Kanuni ya tisa inasema mrukaji atue akiukabili upepo. Sina ugomvi na hilo. Sijawahi kukabili kitu kingine. Lakini mbona upepo wenyewe haujaandikiwa kanuni hata moja? Mwezi uliopita uligeuka nikiwa futi mia tatu kutoka chini, bila taarifa, bila kikao. Nikatua kwa makalio mbele ya wageni waalikwa. Nani aliitwa mbele ya Kamati? Ni mimi. Upepo uko nje hadi leo, unatembea utakavyo.

6. Ardhi. Tukitaka kusema ukweli wote, na mimi sijui kusema nusu, mhusika mkuu wa matatizo ya klabu hii ni ardhi. Nimepitia ripoti zenu za miaka tisa. Hakuna mwanachama hata mmoja aliyewahi kuumizwa na anga. Kila kifundo kilichoteguka kiliteguka ardhini au karibu yake sana. Hata hivyo ardhi haijawahi kusimamishwa juu ya mizani ikasomewa uzito wake mbele ya watu. Badala yake anasumbuliwa mtu mmoja na mwavuli wake mdogo. Naomba kujua kama Kamati inaiogopa ardhi, na kama ndivyo, ijiuzulu.

7. Upendeleo wa kinyume. Kwingine kote duniani mume wa mwenyekiti hutengewa kiti cha mbele. Mimi nimetengewa shamba la mbali. Nilipokukumbusha uhusiano wetu ulinijibu, ukiwa umeshika kijiko, "Hapa ni mume wangu. Pale ni kilo mia moja na nne." Sijawahi kusikia ndoa ikigawanywa kwa usahihi hivyo. Nataka kumbukumbu za kikao zionyeshe kwamba niliumia, kisha nikaomba niongezewe mchuzi.

8. Daktari wa Mifugo. Alipoulizwa kama atakubali Hema, alijibu, "Nipeni hata mawili." Huyo ndiye mtakayemweka kushoto kwako? Mtu asiye na msimamo? Mtu ambaye maisha yake yote anabishana na ng'ombe na bado anashindwa? Nimemwona akitua. Anakata kona zake mbili, anavuta breki zote mbili za mwavuli kwa pamoja mahali panapostahili, anasimama kama mtu aliyeteremka kitandani, halafu anatabasamu. Hakuna ushindani humo. Hakuna hoja.

Na sasa, Mheshimiwa, lile ambalo sikukusudia kuliandika. Kwa miaka tisa nimesimama chini nikikutazama, darubini mkono mmoja, chupa yako ya maji mkono wa pili. Nakuona ukiwa nukta. Kisha unakuwa msalaba. Kisha mwavuli wako unafunguka, nami naanza tena kupumua. Nimejifunza kuruka nikiwa na umri ambao wenzangu wanajifunza kulala mchana, nimevaa suti inayonifanya nifanane na popo aliyeshiba, yote hayo ili siku moja nitazame kulia nikiwa juu nikuone ukubwa wako kamili. Siku hiyo ni Jumamosi. Sitaki siku kama hiyo niishukie ndani ya hema.

Kwa hiyo naitaka Kamati iidhinishe Wembe mara moja. Ikishindwa, ivunjwe. Ikikataa kuvunjwa, nitaunda Kamati ya Hatari, yenye mjumbe mmoja, na tutakutana kila siku chumbani kwetu hadi mmoja wetu ahame.

Nakutakia kazi njema na uamuzi wa haki. Wape salamu wajumbe wote, hata yule anayesinzia. Msalimie rubani, mama yako, na mapacha wakipiga simu. Msalimie pia shemeji, ila umwambie chaki nyeupe zipo.

Wako katika mapambano, na katika mambo mengine yote,

Baba Mapacha,
Mwanachama.

Nyongeza baada ya sahihi. Leo ni Ijumaa, saa tisa na nusu. Ningependa kuichana barua hii, lakini niliifikisha kwa karani jana asubuhi, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, na anasema iliyogongwa muhuri hairudi. Ameniruhusu niongeze karatasi moja tu, nikiwa nimesimama hapa dirishani kwake.

Mheshimiwa, jana hiyo hiyo mchana niliruka na Wembe.

Shemeji alikuwa amekataa kuufunga, kwa hiyo niliufunga mwenyewe, tena ndani ya mkoba wa Hema, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Ukawa unacheza humo kama njugu kwenye debe. Niliufungua nikiwa futi elfu tano kutoka chini, na yote yaliyotajwa katika namba 3 yakatokea kwa mpangilio ule ule ambao shemeji aliutaja. Ulijipinda. Kamba zikasokotana mpaka karibu na masikio yangu. Nikazunguka: mbingu, shamba, mbingu, shamba, mbingu, ng'ombe. Nilijaribu kuufikiria ukurasa wowote wa vile vitabu kumi na viwili. Hakuna uliokuja. Ilikuja sauti yako tu, ile unayowafundishia wanafunzi wa klabu la kufanya mwavuli ukigoma: "Usibishane nao. Uachie." Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikubishana. Nikauachia Wembe uende zake, nikavuta mwavuli wa akiba.

Ule wa akiba uliuchagua wewe, bila kuniuliza, nilipojiunga. Una futi mia mbili na thelathini. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Ulifunguka juu yangu mweupe na mpole, nikafungua zipu za mikono, nikashika breki, kisha nikaanza kucheka na sikuweza kuacha. Nilicheka nikishuka na upepo. Nilicheka kwenye kona ya kwanza. Kwenye kona ya pili nililia kidogo. Kisha nikaukabili upepo, nikavuta breki zote mbili kwa pamoja, nikatua kwa miguu katikati ya shamba la mbali. Ni shamba zuri sana. Sijui nani alilichagua, lakini apewe cheti.

Wembe ulipatikana juu ya paa la kituo cha mafuta. Wauache huko.

Jana sikukuambia. Uliniuliza mbona nimenyamaza wakati wa kula, nikasema ni meno. Shemeji ndiye aliyeufunga upya ule wa akiba, na ameniambia, "Usiposema wewe kabla ya saa kumi, nasema mimi, tena kwa sauti ile ya mizani." Sasa nasema. Natengua namba 1 hadi 8, isipokuwa ile sehemu ya darubini. Adhabu yoyote mtakayonipa naikubali, na kama adhabu ni kubaki chini Jumamosi, nitaikubali pia, ingawa nitakonda. Lakini kama kushoto kwako bado hajawekwa mtu, naomba Hema. Kama kuna kubwa zaidi, naomba hilo. Kama Daktari ameshaitwa, mwambie kulia kwako pia kuna mandhari.

Karani ananiambia umefika, unapanda ngazi, na una nakala ya ukurasa wa kwanza mkononi. Nasikia viatu vyako. Mke wangu, kabla hujafungua mdomo: mimi ni mzima, miguu yote miwili, na Jumamosi nataka kuruka na wewe.