Nani Kaila Ijumaa Yangu?

Jumatatu, 26 Desemba 2011. Apia, Samoa.
Redio ya mtaa inatafuta mtu wa kipindi cha "Siku Kama ya Leo"! Dakika tatu, unasimulia mambo yaliyowahi kutokea tarehe hiyo. Kila mshindani na siku yake. Atakayepigiwa simu nyingi anachukua kipindi mwaka mzima. Mimi huyo! Nimefika mbio, kalenda ya mlangoni imejaa majina. Binamu yangu Lafaele, mwenye sauti ya shemasi, kashachukua tarehe 28. Lakini Ijumaa, tarehe 30, nyeupe kabisa! Watu wamelala. Nimejiandika kwa herufi kubwa.

Jumanne, 27 Desemba
Kutwa maktaba. 30 Desemba 1853, Marekani ilisaini kununua jangwa la Mexico. 1922, Muungano wa Kisovieti ukazaliwa. Siku tajiri hii! Lafaele kauliza nimechagua siku gani. Nikamwambia. Akakohoa weee, halafu eti hongera, siku hiyo hutakuwa na mpinzani. Wivu umemkaba koo. Nimemwambia Bibi Makerita akusanye ukoo mzima Ijumaa, wachome nguruwe, wanisikilize. Kauliza Ijumaa ipi. Uzee!

Jumatano, 28 Desemba
Lafaele kasimulia Jumamosi Nyeusi ya 1929, watu wa Mau, wapigania uhuru wetu, walivyoandamana kwa amani hapa hapa Apia wakapigwa risasi. Bibi kalia. Mimi pia macho yalilowa, ila ulikuwa moshi wa umu, tanuri letu la mawe ya moto. Simu arobaini na moja! Lazima nitumie akili. Nimewagawia wenzangu wa raga namba ya redio: wapige Ijumaa saa mbili asubuhi, kila mtu mara tatu, kwa sauti tofauti. Wamecheka mpaka wakagaagaa kwenye nyasi. Wananipenda sana.

Alhamisi, 29 Desemba
Bibi kaniita. Kauliza kwa upole, Vili mjukuu wangu, leo tukilala tutaamka siku gani? Ijumaa, nikasema. Jumamosi, we bwege! akafoka Bibi. Serikali inatuhamisha upande wa pili wa mstari wa tarehe, Ijumaa inarukwa!
Mungu wangu! Si kwamba sikujua. Nimejua miezi yote, na nimewacheka waliosahau. Ila sikufikiri watairuka Ijumaa YANGU. Mbio hadi redioni. Mama Pelenatete, mkubwa wao, kasema mwaka 1892 Samoa iliishi tarehe 4 Julai mara mbili, kwa hiyo leo tunarudisha siku ya watu. Lafaele kaniambia nisihuzunike, mimi ndiye mshindani pekee ambaye hakuboronga.

Jumamosi, 31 Desemba
Lafaele kapewa kipindi. Nguruwe wa ukoo kaliwa hivyo hivyo, kwa vicheko.
Lakini nimegundua! Samoa ya Marekani hawajahama. Kwetu Jumamosi, kwao leo ndiyo Ijumaa tarehe 30! Ijumaa yangu iko hai, ng'ambo tu hapo, na redio wanazo. Nimeshapanda meli ya jioni, karatasi zangu mfukoni, paja la nguruwe begani. Dada wa tiketi kanionya eti meli inatembea usiku kucha, tutafika asubuhi, na kwao itakuwa Jumamosi.
Nimemwambia asinifundishe tarehe.