Kozi Ndefu na Kozi Fupi

Umma unatangaziwa kwamba Jumanne ya tarehe 15 Aprili, saa nne na dakika kumi asubuhi, mimi Fridolin, mgane wa Viwanja Sitini, elimu darasa la nne, nilianzisha chuo. Sikukusudia.

Mvua ilikuwa imemeza choo chetu pamoja na mlango wake. Nyumbani tulibaki wawili: mimi na mama wa marehemu mke wangu, Bibi Justa, miaka themanini na moja na goti bovu. Siku hizi hata kukarabati kunataka kibali, na kibali kinaombwa kwa fomu. Palipoandikwa "Unaomba kujenga nini?" nikajaza kwa mkono wangu: CHUO. Mwalimu alipofundisha maneno yenye o mbili, mimi nilikuwa shambani nafukuza ndege kwenye mpunga.

Baada ya wiki tatu akaja Hermenegildi, Mratibu wa Dawati la Maboresho ya Makazi, na faili kwapani.

"Shikamoo mzee. Hongera kwa maono."

"Marahaba. Maono gani, mwanangu? Nataka choo."

"Fomu inasema chuo. Mfumo umeshapokea."

"Si ufute hiyo u?"

"Mzee, herufi ikishaingia kwenye mfumo ni mali ya serikali." Akatoa kalamu. "Wanafunzi wangapi?"

"Wawili. Mimi na mama mkwe."

"Wa bweni au wa kutwa?"

"Yeye huenda mara nne kwa siku."

"Wa kutwa. Kozi zipi?"

Nilikuwa nimeshachoka. "Ndefu na fupi."

Akaandika. Kijana makini sana.

Nikaanza kuchimba kimyakimya. Wakaja wawili kutoka Dawati na kopo la rangi nyekundu, wakasema chuo hakianzi na shimo. Kwa kuwa shimo halina ukuta wa kuchorwa X ya kusimamisha ujenzi, waliichora kwenye jembe langu.

Sasa, mtu na mama mkwe wake wana heshima yao. Neno choo hawatamkiani. Bibi Justa akibanwa aliniambia tu, "Baba Dativa, naenda kumsalimia Ndaki," akashika fimbo, akavuka matope hadi kwa jirani. Siku moja Ndaki akamsimamisha mlangoni. "Mama, leo umeshanisalimia mara nne. Hizi salamu haziishi?"

Kesho yake hakwenda. Akakataa uji, akakataa chai, akakataa hata maji, ili asiwe na salamu. Akakonda. Binti yake nilimzika miaka miwili iliyopita. Nikaenda ofisini kuwaambia sitaki kumzika na mama. Hermenegildi akanipa pole kwa niaba ya Dawati, akasema chuo changu kimepita vikao vya ngazi tatu, bado uzinduzi tu.

Na kweli wakazindua. Turubai, viti vya plastiki, spika, jiwe la msingi. Mgeni rasmi, Mheshimiwa, alichelewa kwa sababu njiani alikaribishwa chakula mara tatu, na kukataa chakula cha wananchi si uongozi.

"Mzee huyu ameona mbali!" akahutubia. "Ametuletea kozi ndefu..."

Hapo jasho likamtoka. Akabana magoti, akamwinamia Hermenegildi, akasahau kwamba kipaza sauti kiko wazi.

"Choo kiko wapi?"

Spika ikalipeleka swali mpaka sokoni. Hermenegildi akafungua faili, akapekua ukurasa baada ya ukurasa.

"Mheshimiwa, kwenye mfumo hakipo."

"Yaani watu wanaishi hapa bila choo?"

Bibi Justa, aliyekuwa kiti cha mbele, akainuka na fimbo yake. Heshima ya ukwe akaiweka pembeni, akalitamka lile neno mbele yangu na mbele ya mtaa mzima: "Mkwe wangu alikuwa anachimba choo. Wakamzuia."

Mheshimiwa akawageukia watu wake, wote saba, kila mmoja na faili lake. Mguu mmoja aliupandisha juu ya mwingine. Akauliza, na hadi leo katika mafaili yale saba hakuna lililojibu:

"Nani aliyemzuia?"